Mlima Niliousifu Kilimambogo

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimejicheka tangu Jumapili.

Mimi ni nyapara wa shamba la kahawa hapa Ruiru. Elia, Mchaga anayetengeneza mashine zetu za kahawa, alitaka kumuoa binti yangu Wanjiru. Sikutaka mtoto wangu apelekwe Tanganyika, lakini kijana mwenyewe ni mpole, nikakosa neno la kumkatalia. Basi nikawapandisha wote wawili Kilimambogo, ng'ambo ya Thika, mahali ambapo watu wa zamani walikaa kuangalia adui akivuka mto.

Njia inazunguka mpaka kichwa kikazunguka nayo. Lakini kule juu! Nchi yote imeanikwa chini kama kahawa juani, na mbali, juu ya mawingu, theluji inameta. Machozi yalinitoka. Nikavua kofia, nikainua mikono kama marehemu baba alivyofanya akiuelekea Kirinyaga, mlima wetu mtakatifu sisi Wakikuyu, nikaomba kwa sauti. Niliona mlima umenenepa kidogo, nikadhani ni kwa sababu leo nimeutazama kutoka juu.

Nikamwambia Elia, "Kijana, binti yangu amekua mbele ya mlima huu. Unataka nimtoe kwenye uzuri huu aende wapi?"

Wanjiru akanivuta koti. "Baba, Kirinyaga iko nyuma yako."

Nikageuka. Kweli, ulikuwa pale, na vilele vyake vyote vilivyochongoka kama meno.

Elia akainamisha kichwa kwa heshima. "Huo uliousifu ni Kilimanjaro, baba, mlima wa kwetu. Wanjiru atauona kila asubuhi akiwasha moto."