Bibi Helga aliposikia neno "shule"

Jamani, leo kazini nimeambiwa najua Kijerumani!

Namtunza Bibi Helga hapa ughaibuni, mji wa Sugar Land, ana miaka themanini na tisa. Mchana mwanangu akapiga simu, nikamuuliza: "Umesharudi kutoka shule?"

Bibi akashtuka. "Shule? Nani kakufundisha Kijerumani?"

Nikamwambia hicho ni Kiswahili, ingawa neno lenyewe tulilitoa kwa Wajerumani.

Wapi! Akaanza kunisimulia wazazi wake walivyotoka Ujerumani wakalima mahindi Iowa, na mwalimu aliyemchapa kwa kusema Kijerumani darasani. Akakiacha hata nyumbani.

Kumbe binti yake kasimama mlangoni, machozi yanamtoka. "Mama hajawahi kutuambia."

Binti akaketi kitandani, akamwomba mama yake neno lingine. Bibi akataja mkate, maziwa, farasi, vyote kwa Kijerumani.

Nikawaacha.

Wenzangu wa ughaibuni, watoto wenu wanawajibu kwa lugha gani?