Salamu Kabla ya Nambari

Hadi leo mtu akiniuliza nataka nini kabla hajaniamkia, ninanuna. Watoto wangu hunicheka. Hawajui kwamba neno la kwanza la mtu aketiye kungoja amri za wengine liliwahi kunikosesha usingizi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliajiriwa ofisi ya simu mjini Kisii. Mbele yangu palikuwa na ubao mkubwa wenye matundu na vifuniko vidogo vya chuma, kila kifuniko na simu yake. Mtu wa Birongo akizungusha mkono wa simu dukani, kifuniko cha Birongo kinaanguka kwangu. Nachomeka waya, nasema neno langu, naye akilisikia anajua niko tayari. Ananiambia anamtaka nani, namuunganisha. Mafunzoni tulikaririshwa neno moja tu, nalo lilikuwa "Nambari, tafadhali."

Mameneja wa mashamba ya Nyansiongo hawakuwa na shida nalo. Walitaja nambari, wakaongea mambo ya ng'ombe na mahindi yao, wakamaliza. Shida ilikuwa Birongo na vilima vya Manga, ambako simu ilikuwa moja, ya dukani, na anayeitumia ni mzee aliyeishika kwa mikono miwili. Nikisema "Nambari, tafadhali," yeye anasema "Bwakire," yaani kumekucha salama, na ananyamaza akingoja nimwitikie. Nikirudia neno langu, anarudisha simu mahali pake polepole na kumwambia mwenye duka kwamba yule msichana leo amekasirika, afadhali arudi kesho. Habari zikaenea kwamba binti wa mzee fulani wa Manga anadai nambari kama askari wa mkoloni akidai kipande.

Mzee fulani wa Manga alikuwa baba yangu. Alilima chai na ndizi, na Sabato alikaa kiti cha mbele kanisani. Nilipokwenda nyumbani aliningoja nile nishibe kwanza.

"Mtoto asiyeamkia wakubwa ametoka nyumba gani?" akauliza.

"Tata, ndivyo tulivyofundishwa kazini."

"Waliokufundisha ndio waliokulea?" Hakupandisha sauti. "Nikisikia neno hilo tena, nitakuja kukuchukua. Chai ya kuchuma ipo."

Baba hakuwa mtu wa vitisho. Dada yangu alikuwa na kazi dukani, akalalamikiwa kwa mambo kama hayo hayo, na baba alikwenda kumtoa mchana kweupe. Nami niliipenda kazi yangu. Niliupenda ule ubao, nilipenda kuvaa sketi niliyoinunua mwenyewe, nilipenda kujua kwamba daktari hampati mgonjwa wala karani hampati mkubwa wake bila mkono wangu. Nilirudi mjini nikiwa na hofu tupu.

Basi nikaanza kulitengeneza neno langu upya. Kwanza nilijaribu "Habari yako, nambari tafadhali." Nilijuta. Ukimuuliza Mkisii habari yake, atakupa: mvua, mtoto aliyekohoa, ndama, bei ya majani chai. Vifuniko vilianguka ubao mzima nami bado nasikiliza habari za ndama. Nikajaribu "Shikamoo," maana sikuweza kumwona ninayesema naye, na kwetu huzungumzi na rika la baba yako kama unavyozungumza na bibi yako ambaye mnataniana naye. Nilidhani shikamoo itamtosha kila mtu. Karani mmoja kijana wa Nyansiongo akaniitikia "Marahaba, mwanangu," na wiki nzima hakuacha. Nilimkasirikia sana, na nikahakikisha simu zake zinaunganishwa mwisho.

Mwishowe nikaona kwamba mzee haombi mengi. Anataka kujua kumekucha, anataka kujua yuko na nani, halafu aulizwe nambari. Asubuhi nikasema, "Bwakire buya, Kisii hapa, nambari?" Jua likishapita utosini nikabadilisha iwe "Bwairire, Kisii hapa, nambari?" Ni salamu inayotaka neno moja tu la kuitikia. Kifuniko cha Nyansiongo kikianguka, nilisema "Kisii" peke yake, na yule karani akakosa la kuitikia.

Mkubwa wetu alikuwa mtu wa pwani, ambaye salamu zake mwenyewe zilifika mpaka kwa paka wa nyumbani kwako. Lakini kwenye ubao hakutaka utani. "Binti, hapa si barazani," aliniambia. Nikamwomba avae vipokea sauti akae nami asubuhi moja. Akasikia wazee wakiitikia na kutaja nambari papo hapo, bila kukata na kupiga tena. Alivua, akapangusa uso. "Sawa," akasema, "lakini usivute pumzi katikati." Yule alikuwa mwepesi. Mgumu alikuwa yule wa Manga, baba yangu.

Siku ya soko kifuniko cha Birongo kikaanguka. Nikachomeka waya. "Bwakire buya, Kisii hapa, nambari?"

Nikasikia kikohozi nilichokijua tangu tumboni mwa mama.

"Bwakire buya," akaitikia.

Sikujua kama anajua ni mimi, na sheria ilikuwa nimuulize tena. "Nambari, Tata?"

"Sina nambari," akasema kwa Kikisii, kwa sauti kubwa, maana aliamini Kisii ni mbali. "Nilitaka kusikia kama utaniamkia kabla hujajua ni mimi."

Upande wa pili nikamsikia akipumua.

"Umeniamkia vizuri. Kaa hapo. Fanya kazi yako."

Hakujua kuirudisha simu. Aliilaza mahali, juu ya meza ya duka nadhani, na waya wangu ukabaki wazi. Nilipaswa kuuchomoa. Sikuuchomoa. Nikawasikia watu wa dukani wakimuuliza amezungumza na nani, na baba yangu, ambaye hakuwahi kunisifu mbele yangu hata siku moja, akawajibu, "Ni wangu huyo. Shikeni simu, naye awaamkie na ninyi."