Bembea ya Baba Mkwe

Nina tabia moja inayomwaibisha mume wangu hadharani: nauma bidhaa kabla ya kulipa. Si matunda, hayo kila mtu anaonja. Nauma vijiti, kamba za katani, vibanio vya nguo vya mbao, na siku moja niliuma mwiko mbele ya wateja wengine, muuzaji akaniuliza kwa upole kama asubuhi nilikunywa chai. Nikamwambia namkagulia kasuku. Hakuuliza zaidi, ila tangu hapo nikifika kwenye meza yake huwa anasogeza miiko nyuma kidogo.

Kasuku huyo tuliachiwa na jirani yetu wa Moshono aliyehamishwa kikazi. Ni wa kijivu, mkia mwekundu, domo lenye nguvu ya kuvunja njugu bila kujitahidi. Tulipomchukua alikuwa amejinyonyoa kifua chote, amebaki kama kuku anayesubiri kuingia sufuriani. Daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe, alimtazama huku na huku, akasema ugonjwa wake ni upweke na kukosa kazi. Ndege wa aina ile anataka kitu cha kutafuna na kubomoa kutwa nzima; akikikosa anajibomoa mwenyewe, na akiachwa hivyo hatadumu.

"Mtafutieni vya kuchezea," akasema, "lakini mwangalie vimetengenezwa kwa nini."

Akatutajia maadui: waya wenye zinki, chuma chenye risasi, rangi, vanishi, plastiki inayovunjika, uzi unaoweza kumkaba kidole. Akiwa ameshafika mlangoni akaongeza parachichi. Tunda, jani, gome, mti wenyewe, chochote cha mparachichi kinaweza kumuua ndege. Mume wangu alicheka. Yeye ni Mmeru wa juu ya Maji ya Chai, amekua akila parachichi asubuhi na jioni, na alimwangalia yule daktari kama mtu aliyemsengenya ndugu yake.

Mimi nilichukulia maneno yale kwa uzito. Nimetoka Kilimanjaro, mama yangu aliuza vitambaa maisha yake yote, na alinilea nikijua kwamba mzigo haupokelewi bila kukaguliwa: kucha kwanza, kisha maji, mwisho jino. Kasuku naye nikamkagulia hivyo hivyo. Kitu nakikwaruza nione kama rangi inabanduka. Nakiloweka kwenye beseni la maji ya moto. Kikivuka hapo, nakiuma. Kama meno yangu yamekikataa, domo lake halina sababu ya kujaribu.

Matatizo yalianza habari zilipoenea kwamba tuna ndege mwenye huzuni. Kwetu mtu haji kutembea mikono mitupu, na sasa badala ya ndizi na sukari, wageni wakaanza kuleta vya kumchangamsha kasuku. Mwanakwaya mwenzangu alileta bangili ya shanga nyekundu iliyosukwa kwa waya. Nikailoweka, maji yakawa juisi ya rozela. Mtu mwingine akaleta rundo la funguo kuukuu. Mjomba wa mume wangu, mfugaji wa upande wa magharibi wa mlima, alileta kengele ya mbuzi yenye kutu ya kutosha kuua na mbuzi mwenyewe. Wote niliwashukuru, wote niliwakatalia, na boksi la zawadi zilizofeli likajaa chini ya kitanda. Mume wangu akanibandika jina la mkaguzi mkuu. Ikafika mahali watu wanajitetea kabla sijafungua mfuko.

Sasa nimlete baba mkwe. Ni mzee mrefu, aliyefiwa na mkewe, mwenye kofia ya pama ambayo haivui isipokuwa kanisani, au mahali alipoamua kukaa. Kwetu hakuwa ameivua. Tangu niolewe hakuwahi kunikosea, wala hakuwahi kunikaribia. Akiwa na shughuli zake mjini anapitia, anakaa ukingoni mwa kiti, anakunywa chai nusu kikombe, anaongea Kimeru na mwanawe, anaondoka. Kwangu ilikuwa ni "hujambo mama" na "haya mama", basi. Hakuwahi kuniomba kitu wala kunipa kitu. Nilijiambia sijali. Nilijali sana.

Aliyemkalisha ni kasuku. Jirani yetu alimfundisha neno moja tu, shikamoo, na hulisema kwa sauti ya mtoto anayetaka asifiwe. Siku ya kwanza kukutana, baba mkwe aliisikia ile shikamoo, akageuka, akaona ni ndege, akamtafakari.

"Marahaba," akajibu.

"Shikamoo," akasema ndege.

"Marahaba."

Sisi wa nyumbani tulishazoea kumpuuza, lakini mzee yule hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu bila kuiitikia, na hakuona kwa nini aanzie kwa ndege. Waliendelea hivyo hadi kikombe kikaisha chote.

"Huyu ana adabu," akaniambia, mimi, si mwanawe. "Kifua kimefanya nini?"

Nikamweleza habari za upweke, za kutafuna, za waya na rangi na misumari. Parachichi halikuingia kwenye mazungumzo. Nani angefikiria kumpa kasuku parachichi? Alisikiliza huku akilitazama tundu. Kabla hajaaga akaiegemeza fimbo yake kwenye vyuma vya tundu, upande huu hadi upande ule. Nilidhani anapumzisha mkono.

Alirudi siku nyingine na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa safi. "Ya ndege," akasema, akaniwekea mkononi.

Ilikuwa bembea. Kijiti kimeondolewa gome na kulainishwa kwa kipande cha chupa mpaka mkono unateleza. Kamba ya katani, ameisokota mwenyewe. Pembeni, vipande vidogo vya mti ule ule vimetobolewa na kuning'inizwa ili vitafunwe. Hapakuwa na msumari, hapakuwa na waya, hapakuwa na rangi. Alikuwa amekumbuka kila nililosema. Nilifurahi, na kabla sijajua ninafanya nini, nikaipeleka mdomoni nikaiuma, mbele ya mkwe wangu.

Mume wangu alifumba macho. Mzee alinitazama tu.

"Nzuri sana, baba," nikasema huku nikifuta mate. "Ni mti gani huu?"

"Mparachichi. Ule wa mlangoni, aliopanda mama yenu."

Mama yetu, yaani mkewe, alifariki kabla mimi sijaolewa. Mti ule naujua. Hakuna anayeugusa kwa panga, hata tawi likiziba njia watu wanainama. Mzee alikuwa amelikata tawi lake kwa ajili ya kasuku wangu.

"Mfungie nione," akasema.

Nikaanza kutafuta uongo. "Ngoja niioshe kwanza, baba."

"Nimeiosha."

"Naona kama tundu ni dogo."

"Nilipima."

Mume wangu ghafla akawa na kazi kubwa ya kukagua dari. Ndege naye, msaliti, alikuwa ameshatoa domo kati ya vyuma, anaisubiri. Ningeweza kuifunga na kuifungua mzee akishafika getini. Lakini domo lile linamaliza kibanio cha nguo kabla hujageuka, na mzee alikuwa amevua kofia, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba yangu.

Nikamwambia. Nilisimama wima, bembea nimeishika kwa mikono miwili, nikasema baba, mparachichi ni sumu kwa ndege, mti wake wote, nikimpa hii anaweza kufa.

Mzee akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Hawa wote wamelelewa na mti huo. Hakuna aliyekufa."

"Si kwa watu, baba. Ni kwa ndege."

"Shikamoo," akasema kasuku.

Hakuitikia. Akavaa kofia yake, akasema haya mama, akatoka. Chai hakuigusa. Ndege aliendelea kumwamkia mpaka tukasikia geti linafungwa.

Siku zile nilikuwa na hasira na kila mtu: mume wangu na dari yake, daktari, na kasuku mwenyewe aliyekuwa akiamkia kuta. Nililia nikiosha vikombe. Kitu cha kwanza ambacho mkwe wangu alinipa, nilikiuma kisha nikakiita sumu. Hata mimi ningevaa kofia. Kuitupa ile bembea kwenye boksi la funguo na kengele sikuweza. Nikaitundika sebuleni, juu ya redio, mbali na tundu, nikawa naifuta vumbi kila nikipita. Mume wangu alipiga simu nyumbani, mzee akazungumzia mvua na mahindi. Habari za mjini hakuuliza.

Akaja Jumapili moja baada ya ibada, suti imenyooka, kofia kichwani. Nilimwamkia, akaitikia kwa kifupi. Alipoingia sebuleni macho yake yalikwenda juu ya redio yakatulia pale. Sikujua kama nimeharibu tena. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bembea nyingine, pacha wa ile ya kwanza.

Sikuthubutu kunyoosha mkono, naye hakunipa. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaikwaruza kwa kucha. Akaipeleka mdomoni, akaihamishia pembeni kwenye meno yaliyobaki, akaiuma. Mzee wa kanisa, katikati ya sebule yangu, anatafuna kijiti na uso ameukunja. Nilitazama sakafu ili nisicheke, maana nilikuwa karibu kulia pia na sikujua kipi kingetoka kwanza.

"Mpera," akasema alipomaliza. "Nimemuuliza bwana mifugo wetu. Alianza kucheka, nikamwambia atacheka akishajibu."

"Mpera si ndio tulikuwa tunakatia panda za manati?" mume wangu akasema. "Tukawa tunapiga ndege."

"Ndiyo maana utaifunga wewe," baba yake akamjibu. Ndipo akaninyooshea mimi. "Kagua, mama."

Nikauma pembeni ya alama za meno yake. Ilikuwa ngumu, yenye uchachu kidogo, na harufu ya moshi wa jikoni kwao. Nikasema imepita. Mume wangu akaingiza mikono kwenye tundu, na kasuku hakungoja fundo likazwe. Aling'oa kipande kimoja, akakipasua, akarukia kijiti akaning'inia kichwa chini, kifua chake chenye upara kikitutazama sote.

"Shikamoo," akasema akiwa hivyo hivyo.

"Marahaba," baba mkwe akaitikia. Akavua kofia akaiweka mezani, akavuta kiti, akakaa mpaka mgongo ukaegemea. Halafu akaniangalia mimi, si ndege.

"Na ile shikamoo niliyoiacha siku ile," akasema, "marahaba."