Hoja Nne za Kumwoa Furaha

Mimi nauza mikanda kando ya barabara hapa Durban, na sijawahi kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote. Sasa sikieni nilivyojiaibisha.

Mke wangu alipotea tulipokimbia vita Uvira, Kongo, na sasa imetimia miaka mitatu bila habari. Nataka kumwoa mchumba wangu Furaha kanisani, lakini padiri anadai ushahidi wa kifo. Katekista akaniazima kitabu kilichotafsiriwa kwa Kifaransa cha mwanasheria wa Kanisa, padiri wa Hispania wa miaka mia nne iliyopita, aliyetumia maisha yake yote akiandika juu ya ndoa za watu waliopotelewa na wenzao baharini. Humo nikakuta: aliyepotea miaka mitatu ahesabiwe amekufa. Hoja nne za kuthibitisha hilo. Nikazihesabu mara mbili.

Jumapili nikaenda kwa padiri pamoja na Furaha na mjomba wake, nikazisoma kwa sauti kama wakili.

"Ndugu, geuza ukurasa," padiri akasema. "Huyu mzee huanza na maneno ya wapinzani wake, halafu anayajibu."

Akanisomea majibu yote manne. Hakuna hoja hata moja iliyopona.

"Eish, bwana mkwe," mjomba akasema, "si wewe unatuambiaka bei ya kwanza si bei?"

Furaha hakucheka. "Na mwisho anasema nini, padiri?"

"Asubiri mpaka habari ya kifo ipatikane."

Furaha akanitazama. Kidole changu kilikuwa bado kwenye ukurasa ule wa kwanza.