Fundi wa Kutaja

Kila asubuhi, kabla ya kugusa mashine yoyote, Constant alinawa mikono mara mbili kwa sabuni ya vyombo, kisha akaiinua juu ikauke kwa upepo, vidole vimepanuka, mbele ya atelier, chumba chake cha kazi karibu na marché, soko la Bunia. Kitambaa hakutumia, kitambaa kinaacha nyuzi, na uzi mmoja juu ya lenzi unatosha kuharibu hukumu. Wamama wauza majani ya sombe walimpita wakicheka.

"Padiri ya télé, utubariki na siye!"

"Mungu awabariki, lakini mutoke kwa upepo yangu."

Kazi yake haikuwa kutengeneza. Watengenezaji walikuwa wengi. Yeye alikuwa mtu wa kujaribu. Mfanyabiashara akileta lecteur, mashine ya kuchezea disque, kutoka Kampala, na mnunuzi akiogopa kuuziwa chuma bure, wote wawili walikwenda kwa Constant. Aliwakalisha mbele ya picha, akaanza kutaja. Hakusema nzuri wala mbaya. Alitaja alichokiona, kimoja kimoja, kama katekista anayesoma majina ya wabatizwa: kifungo cha tatu kimekatika, inzi yuko kwenye kikombe, mwanamke wa nyuma ana pete mbili. Na wale wengine wakiviona, mashine inaona. Wasipoviona, mashine ni kipofu, irudi ilikotoka. Kwa miaka aliufundisha mdomo wake kufuata macho bila kupitia kichwani, na ndiyo iliyokuwa sifa yake.

Mdomo wa namna hiyo ulikuwa hatari mwaka ule. Vita ilikuwa imekwisha kwenye redio. Watu walijenga upya, wakaoana, aliyechoma na aliyechomewa wakachota maji kwenye bomba moja. Amani yao ilishikwa na jambo moja tu: hakuna aliyeona kitu. Ukiulizwa, hukuwapo. Kama ulikuwapo, ulilala kifudifudi.

Siku Mama Vahwere alipokuja kumwita, alimkuta mikono ingali juu. Vahwere alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo pamoja na mume wake Kambale, dereva wa camion ya mizigo, yule ambaye mbwa alimng'oa ncha ya sikio utotoni na marafiki hawakuacha kumtania. Mwaka wa 2003 Kambale alitoka kutafuta mafuta ya camion, hakuonekana tena. Sasa miaka mitano. Vahwere hakukaa matanga, maana maiti haikuwapo.

"Fundi, lecteur Komanda aliniagiza imefika. Ile ya haute définition, ya picha safi kabisa. Anataka uijaribu kwake, kwa écran yake kubwa."

Constant alishusha mikono. Komanda Louis, aliyeongoza wapiganaji wakati wa vita, alikuwa amevua nguo za porini, anangojea cheo katika jeshi la serikali. Wenzake kadhaa walikuwa wamepelekwa Kinshasa kuhukumiwa kwa maneno ya mashahidi. Louis alibaki, kwa sababu yeye hakuwa na shahidi. Mtu mmoja aliyeanza kukumbuka mambo mbele yake kwenye baa aliokotwa kwenye mfereji. Ni Louis huyohuyo aliyemwambia Vahwere, mkono kifuani, kwamba bwana yake hakufika kwenye barrière yao ya barabarani hata siku moja.

"Leo usitaje sana," Vahwere alimwambia njiani. "Sema inakamata picha, tutoke."

"Mama, unanijua. Nikiona, nimekwisha kusema."

"Njo maana ninakuambia."

Salon ya Komanda ilikuwa na spika tano, moja kila pembe na moja chini ya écran ya ukutani, pana kama mlango. Nje grupu, jenereta ya umeme, ilinguruma. Vijana wawili wa kulinda waliketi barazani. Constant alifunga waya, akabonyeza. Mashine ikawaka taa ndogo, ikanyamaza. Dakika nzima.

"Inasali?" Louis akauliza.

"Inaamka, Komanda. Aina hii inaamka polepole."

Aliweka disque ya marché, ile yenye filamu kumi. Mashine iliizungusha, ikaitema. Louis alimgeukia Vahwere.

"Mama, umeniletea mashine isiyokula chakula yetu?"

Vahwere alicheka kwa meno tu. Constant akaingiza haraka disque iliyokuja ndani ya karatoni. Samaki wakajaa ukutani. Akaanza: magamba, mapovu, jicho lenye duara la dhahabu, mkwaruzo kwenye pezi. Louis alipiga mapaja kama mtoto.

"Ninaona! Lakini samaki ninayo kwa Kasenyi. Weka yangu."

Akatoa disque isiyo na karatasi. Ilikuwa na picha za siku watu wake walipoingia mjini. Walimshika mpiga picha wa harusi, wakamtembeza nao na kamera yake.

"Kwa télé ya zamani ni vumbi na vivuli tu. Leo ninataka kuona uso yangu. Taja, Muzee. Nasikia njo kazi yako."

Constant alitaja.

"Komanda mbele. Kofia nyekundu. Jasho kwa shavu ya kushoto."

"Kweli!"

"Saa kwa mkono, kioo imepasuka."

"Kweli kabisa! Endelea!"

"Camion ya kijani nyuma. Taa moja haiko. Karibu na gurudumu mutu anakaa chini. Shati ya mistari. Mikono imefungwa nyuma. Sikio ya kuume, ncha haiko."

Neno la mwisho lilikuwa limekwisha kutoka ndipo kichwa chake kikafika. Kando yake, Vahwere hakusogea. Grupu ilinguruma. Louis alichukua kidude cha kubonyeza, akarudisha picha nyuma, akaisimamisha.

"Taja tena, Muzee."

Kambale aliwaangalia kutoka ukutani, mavumbi kwenye nyusi zake, kila unywele peke yake. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Constant aliuzuia mdomo.

"Gunia."

"Gunia?"

"Gunia ya mihogo, Komanda. Macho yangu imezeeka."

Louis akamwelekezea Vahwere kidude. "Na weye, Mama? Unaona nini?"

Vahwere alifunga vizuri fundo la kikwembe chake kiunoni.

"Gunia. Tena imejazwa vibaya, mihogo inatokea kando."

Louis alianza kucheka, hakumaliza.

"Basi mashine ni ya bure, kama inageuza gunia kuwa mutu."

"Mashine iko muzuri," Vahwere akasema, sauti ileile ya kuuzia. "Courant ya umeme njo mubaya, inapanda inashuka. Fundi ako na stabilisateur ya kuituliza kwa atelier. Aende kuikamata. Mi ninabaki hapa."

Constant hakuwa na stabilisateur, hakuwahi kuwa nayo, na Vahwere alijua. Constant alimwangalia. Vahwere hakumwangalia, alikuwa amekwisha kuhamia kiti cha karibu na écran.

"Unabaki?" Louis akauliza.

"Ninabaki. Chai haiko kwenu?"

Komanda alifikiri. "Acha mufuko ya vyombo yako hapa, Muzee."

Akauacha. Barazani kijana mmoja akamtupia, "Padiri, misa imeisha?"

"Bado. Ninarudi."

Alikuwa amefika kwenye lango aliposikia sauti ya Vahwere kutoka ndani, taratibu, kama mnunuzi anayetaka kuhakikisha.

"Komanda, rudisha kidogo. Pale kwa vumbi."

Miguu ilitaka kusimama. Hakuiruhusu. Alipita marché, akapita sombe na makaa, akapita mlango wa atelier yake kama mlango wa mtu mwingine.

"Fundi! Fundi, mutu anakungojea hapa!"

Alipunga mkono bila kugeuka, akashika barabara inayoteremka Kasenyi, ziwani, kwenye mitumbwi ya kuvuka Uganda. Mteja, kijana wa Boga, alingoja kwenye kizingiti mpaka wamama walipokunja mifuko yao, lecteur yake imefungwa kitambaani, juu ya magoti.