Siku Niliyokaa Tu

Huku kwetu Kitale, mtu mzima mwenye afya akionekana amekaa nje ya nyumba yake asubuhi, mikono mitupu, wakati wa palizi, basi ama ni mgonjwa ama amefiwa. Hakuna sababu ya tatu. Nilijua hilo vizuri, lakini siku ile nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojali watu wangesema nini.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Hutunga nyimbo na kuziimbisha, nyingi zikiwa za mazishi, kwa sababu ndizo watu huzitafuta. Familia hupiga simu ikanieleza marehemu alikuwa mtu wa aina gani, alipenda nini, aliugua vipi, nami husikiliza mpaka mwisho. Wapo wanaoweza kusikia habari kama hizo kisha wakala ugali wao vizuri. Mimi siwezi. Kila msiba hunikaa mwilini, na kabla haujatoka unaingia mwingine. Mwishowe nyimbo zikakatika. Nikikaa kwenye kinanda nilisikia kelele tu: mashine ya kusaga ya jirani, pikipiki, spika za mahubiri. Niliogopa sana. Nilidhani kile kipaji, kitu pekee nilichowahi kujivunia, kimekwisha.

Kwa hiyo nikazima simu, nikatoa kiti nje ya mlango wangu pale mtaani Kibomet, nikakaa. Sikusoma wala sikuomba. Nilitazama mahindi yangu yaliyomezwa na magugu, nikayaacha hivyo hivyo.

Jirani anayeniuzia maziwa alipita, akanitazama, akaenda zake bila hata kunisalimu. Nikadhani ana kisa nami. Kumbe alikwenda kutangaza. Baadaye kidogo alirudi na akina mama wenzake, wakaingia uani, leso zimefungwa kiunoni, mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mwingine na sukari na majani ya chai. Wengine walikuwa wametoka moja kwa moja shambani, matope bado miguuni. Waliweka vitu chini kimya kimya.

"Pole sana, mwalimu," akasema yule wa maziwa. "Tumejaribu simu yako, imezimwa. Ni nani ametuacha?"

Niliona aibu. Nilikasirika pia, nisiseme uongo. Yaani mtu hawezi kukaa kwake mpaka afiwe?

"Hakuna mtu amekufa," nikasema. "Nimepumzika tu."

"Unapumzika aje, na mahindi imejaa nyasi hivi?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa ukali. Kilichotoka ni kilio, kilio cha sauti, ambacho mimi mwenyewe sikukitambua. Wakanishika mabega. Mmoja akaniuliza tena, kwa upole sasa, ni nani.

"Ni baba," nikasema.

Wakatazamana. Wote walimjua baba yangu. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekodi gari pamoja, wakaja mpaka Bungoma kwa mazishi yake. Hata yeye nilimtungia wimbo. Kwaya yangu iliimba tangu asubuhi mpaka jeneza likashuka, na sauti yangu haikuyumba hata mara moja. Watu walinisifu sana siku hiyo. Kesho yake nilirudi Kitale, maana kulikuwa na familia nyingine ikinisubiri.

"Lakini mwalimu," akasema yule wa maziwa taratibu, "si baba yako tulimzika kitambo?"

"Nyinyi ndio mlimzika," nikamwambia. "Mimi nilikuwa naimbisha."

Mwenye kuni aliziinua tena, akaingia jikoni kwangu kuwasha moto. Yule wa maziwa alifungua leso kiunoni, akaitandika chini karibu na kiti changu, akakaa.