Mtu Ajuaye Uendako

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na nane ambayo hunijia nikiwa nimekaa tu, chai imepoa mkononi, na wiki hii imenijia kwa sababu yako. Juzi ulileta mashine yako mpya ya kusakia dhahabu, ukaiwasha hapa kwenye zulia la sebuleni, ukaniambia kwa Kiingereza chako cha haraka kwamba unakwenda nyika za Australia, peke yako, na kwamba nisimwambie mama yako mpaka uwe umerudi. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sasa nipe nafasi nikusimulie, nawe usinikatize.

Nilikuwa na umri wako wakati huo. Tulikaa Thamesmead, hapa London, ghorofa ya tatu, mimi na mama yako, wewe hujazaliwa. Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwapikia uji, kuwakumbusha dawa. Siku moja, katika nyumba ya mteja wangu mmoja, niliona gazeti la wasaka dhahabu likiwa njiani kutupwa, nikaomba nipewe. Ndani yake mlikuwa na picha za nchi nyekundu isiyo na mwisho, vichaka vya kijivu, na mtu mmoja mwenye kofia amesimama katikati ya utupu huo, mashine begani, kana kwamba dunia nzima imemsubiri yeye. Nililala nalo gazeti lile. Nilikuwa nikitembea kandokando ya ziwa la pale mtaani, mvua ya Kiingereza ikininyeshea, na mbele yangu naona vumbi jekundu tu. Mama yako akiniuliza mbona nimepotea, namwambia nimechoka na kazi.

Bahati ikanisukuma. Binamu yangu mmoja, nesi, alikuwa amehamia mji mmoja wa migodi huko Australia, akaniandikia niende nimtembelee na gari lake nitalitumia nipendavyo. Nikaanza kununua vyombo. Nilinunua mashine, sululu, karai la kuchekechea mchanga, mzani mdogo wa kupimia dhahabu, vichupa kumi na viwili vya kuitilia, na kiti cha kukunja. Vyote nilivificha kwenye stoo, nyuma ya masanduku, kwa sababu sisi watu wetu, mwanangu, wajua tulivyo. Mtu hatangazi safari. Unaweza kuishi na mtu nyumba moja hapa London, mnakula chungu kimoja, na siku ya siku unasikia yuko Canada. Tulilelewa hivyo: jambo halisemwi mpaka limekuwa, watu wasije wakalitia jicho. Kwa hiyo mama yako alijua ninakwenda kumwona binamu. Binamu naye alijua ninataka kupiga picha za kangaruu. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Mtu mmoja tu sikuweza kumficha. Miongoni mwa wazee niliowahudumia alikuwamo Mzee Athumani, mtu wa Mombasa, aliyeishi peke yake katika fleti kule Barking, ng'ambo ya mto. Alikuwa baharia wa meli za mizigo ujanani, na meli moja ilimwacha Australia akiwa mgonjwa. Alipopona akaingia bara kusaka dhahabu, akakaa huko miaka mitatu. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini ukimtajia nchi ile, uso wake wote unaamka. Alinihadithia jinsi ardhi inavyobadilika rangi jua likipanda, na kimya chake, kimya kinachomfanya mtu asikie damu yake mwenyewe masikioni. Nilimpaka mafuta miguu huku nikimsikiliza, na mara nyingi nilichelewa kwa mteja wangu wa pili.

Nikamwomba anikagulie vyombo vyangu. Ile Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nilivibeba kwa basi na kivuko mpaka Barking, nikavipanga zuliani mbele ya kiti chake. Nilimwamkia, akaitikia, akainama akavipapasa kimoja kimoja kwa vidole. Mashine aliirudisha upande wangu. Akanieleza kwamba hiyo ni ya kutafutia sarafu kwenye nyasi za Waingereza. Ardhi ya kule ina chuma kingi, italia kutwa nzima bila sababu, nami nitaacha kuisikia siku itakapolia kwa haki. Niende dukani niibadilishe, nitafute iliyotengenezwa kwa ardhi ya namna hiyo, na niijaribu kwanza mpaka nizijue sauti zake. Mzani aliucheka. Kiti alikicheka zaidi, akauliza kama nimealikwa harusini. Badala yake alinitajia viatu vilivyokwisha kulainika mguuni, kofia yenye chandarua cha nzi, dira na ramani ya karatasi, sumaku ya kuokotea misumari, koleo la kuchimbua gari mchangani, gurudumu la akiba si moja bali mawili. Na maji. Alirudia maji mara nyingi hata nikaona amesahau kwamba amekwisha sema. Maji ya siku ninazokwenda, na mengine kama hayo juu yake.

Niliandika kila kitu. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukueleza. Nilijiona nimeshafika, vumbi liko ulimini. Nikamshukuru, nikaanza kufunga mizigo. Ndipo akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza saa:

"Na ni nani ajuaye wendako?"

Nikacheka kidogo. Nikamwambia hakuna, na kwamba yeye mwenyewe anajua watu wetu walivyo, na kwamba nimemwambia yeye tu kwa kuwa namwamini hataitoa siri yangu. Nilitegemea acheke pamoja nami. Hakucheka. Nje basi lilisimama kituoni, likaondoka.

Halafu akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu. Kule nyikani alikuwa na mwenzake, mtu wa Lamu, baharia kama yeye. Yule mwenzake aliokota kipande cha dhahabu mahali fulani, akamwapisha Athumani asimwambie mtu yeyote kambini mahali penyewe, kisha akarudi huko peke yake na maji ya siku mbili. Siku ya tatu wenzao walimuuliza Athumani, "Yuwapi mwenzio?" Akajibu amekwenda mjini. Siku ya nne wakamuuliza tena, akajibu vilevile. Siku ya tano yamini ikamshinda, akasema. Walimkuta chini ya kichaka, amevua viatu, amevipanga vizuri kando yake.

"Mimi n'litunza siri yake vyema sana," akaniambia Mzee, na macho yake yale yaliyofifia yalikuwa yamejaa maji. "Sasa wewe wanipa na yako. Siitaki. Uishike mwenyewe, au umpe mkeo. Umenunua kila chombo, mwanangu, ila mtu wa kukutafuta."

Niliona haya, na haya yakageuka hasira. Nilibeba mizigo yangu nikaondoka karibu bila kuaga, nikimwambia moyoni kwamba ni mzee mwenye hofu. Juu ya kivuko nilisimama nikitazama mto, na kwa mara ya kwanza tangu nilipolipata lile gazeti, sikuiona nchi nyekundu. Niliona viatu viwili vimepangwa. Nilipofika nyumbani nikamkuta mama yako anapasi sare yake ya kazi, nikamwambia kila kitu, nikiwa nimesimama na sululu mkononi.

Alikasirika, usiniulize sana alisema nini. Siku mbili tulizungumza mambo ya chumvi na funguo tu. Siku ya tatu akaniambia nilete ramani. Akaniuliza nitaingia kwa njia ipi, nitalala wapi, nitatoka lini. Akampigia binamu yangu akamweleza ukweli wote, nikabaki nimeinamisha kichwa. Kisha akaandika kwenye karatasi: Jumapili, saa sita mchana ya London. Ikifika saa hiyo sijapiga simu, hatasubiri hata dakika kumi za kunionea huruma.

Nilikwenda, mwanangu. Nchi ile ni kama alivyoisema Mzee, na zaidi. Alfajiri inaanza zambarau, halafu inakuwa shaba, na wewe umesimama humo huna jina wala kazi wala anwani. Mashine yangu, ile niliyoibadilisha, ilikuwa inaimba chini kwa chini nami ninatembea nikiifuata, na nilikuwa na furaha. Siku ya kutoka, Jumamosi, nikapotea njia, gari likazama kwenye mchanga wa kijito kikavu mpaka kwenye ekseli. Nilichimba kwa koleo mpaka mikono ikatoka malengelenge. Dhahabu sikuwa nayo hata punje. Nikakumbuka Mzee aliponiambia gari likikwama lisiachwe, nikakaa kwenye kivuli chake, nikanywa maji kwa kipimo, na nikamwogopa Mungu.

Jumapili, saa sita mchana ya hapa, mama yako aliketi Thamesmead mbele ya simu, kadi ya kupigia ng'ambo imeshakwanguliwa. Simu haikulia. Akampigia binamu yangu, akamsomea njia niliyoichora kwenye ramani, jina kwa jina. Jumatatu kabla ya jua kuwa kali niliona vumbi, na ndani ya vumbi gari, na ndani ya gari binamu yangu na polisi wawili. Nililia mbele yao bila aibu. Maji niliyokuwa nayo yasingefika Jumatano, na bila mama yako hakuna ambaye angeshtuka kabla ya wiki kwisha.

Basi hii ndiyo nasaha yangu. Chagua mashine inayoijua ardhi unayokwenda, si inayong'aa dukani. Beba maji mengi kuliko uchu. Gari likikwama, usiliache. Na hii desturi yetu ya kunyamaza, inayotulinda na midomo ya watu hapa mjini, usivuke nayo kwenda nyikani, kwa sababu huko hakuna jicho la hasidi, kuna jua tu. Mpe mtu mmoja njia yako, siku yako na saa yako, awe mtu ambaye hatalala ukichelewa.

Uliniomba nikutunzie siri. Nimekataa. Leo asubuhi nimemwambia mama yako, na sasa hivi yuko mezani na miwani yake, amekunja uso, ametandaza ramani, anakungoja umwonyeshe. Nenda ukakae naye. Mungu akutangulie mwanangu, akupe mguu mwepesi na kivuli mchana, akuonyeshe uzuri ule alionionyesha mimi, na saa ile mtakayoandikiana ikifika, akukutanishe na sauti ya mama yako.